Koki ya Upande wa Pili

Harufu ilifika kabla ya salamu. Mzee Matangi alikuwa ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akijiuliza kama hicho cha pili kina haja ya kuvaliwa. Mara pua yake ikainuka yenyewe. Dizeli. Tena si ile iliyokauka kwenye nguo za madereva. Hii ilikuwa mbichi, ya kudondoka.

Mlango ukasukumwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Linavuja wapi?"

Binti yake akabaki ameshika komeo. "Mbona sijasema kitu?"

"Mkono wako umeshasema."

Binti akaunusa, akaupangusa kwenye suruali. "Tangi la kushoto. Pale mkanda wa nyuma unapolishika. Nimezunguka gari asubuhi hii nikakuta limeloa mpaka chini, tone linafuata tone kama yana zamu."

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Saa sita kamili."

Mzee akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa moja na nusu. Akavaa kiatu cha pili.

Saa sita hiyo haikuwa ya mchezo. Malori sita yalikuwa yamepakiwa mabomba ya maji, na kazi yenyewe ilikuwa ya miaka miwili. Neno la msimamizi wa msafara lilikuwa moja: atakayetoka getini siku ya kwanza ndiye atakayeimaliza. Lori lisilokuwa mstarini saa sita linabaki, na lori la saba, la akiba, linaingia mahali pake na dereva wake. Binti wa mzee alikuwa amesambaza mikate kwa pikapu miaka minne, kila mwezi akipeleka barua ya kuomba lori, kila mwezi akiambiwa subiri. Wiki iliyopita akapewa namba sita. Siku ile alirudi nyumbani, akaweka funguo mezani mbele ya baba yake, akaenda kuoga akiimba. Mzee aliusikia wimbo wote kupitia ukutani. Nyumba ile ilikuwa haijasikia wimbo muda mrefu.

Sasa akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akaliburuta sanduku la vifaa. Lilikuja na vumbi lake la miezi minane.

Mzee Matangi hakusoma. Aliingia gereji ile akiwa kijana wa kuosha malori, na angezeeka na ndoo mkononi kama si siku ile mchomeleaji rafiki yake alipoelekeza moto kwenye tangi tupu. Tangi lilikuwa limekaa juani wiki nzima. "Litawaka nini, hewa?" rafiki alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Bati la paa lilipatikana mtaa wa tatu. Tangu hapo mafundi wakayakwepa matangi kama mzinga wa nyuki. Yeye akayaendea. Alitaka kukijua kilichomuua mwenzake, na polepole akakijua: tangi lililojaa ni ng'ombe aliyeshiba, amelala zake. Tupu ndilo lenye pembe. Ndani mna mvuke, na mvuke hautaki kuchokozwa.

Mkewe ndiye aliyekuwa wa pili kujua. Alikuja gereji siku moja na chakula, akamkuta mumewe chini ya lori, mikono yote imebanwa, anaita mtu wa kufunga koki upande wa pili. Akaweka sufuria chini, akazunguka, akaifunga. "Imefungwa," akasema. "Nini tena?" Kesho yake akaja na suruali. Miaka thelathini na miwili wakafanya kazi hivyo, lori katikati yao, mume kushoto, mke kulia. "Funga." "Imefungwa." "Legeza." "Imelegea." Wateja wageni walidhani wamenuniana. Wenye gereji walijua kwamba hao wawili maneno yao mengine huyaweka akiba ya nyumbani.

Sasa mmoja alikuwa hayupo, na mwingine alikuwa hajagusa spana tangu mazishi.

Saa mbili lori namba sita lilikuwa ndani ya gereji, hatua mia mbili kutoka geti la kampuni. Na Akiba alikuwa ameshafika. Ndivyo walivyomwita dereva wa lori la saba. Alikuwa ameegemea ukuta na kijiti cha meno mdomoni, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Nje, lori lake lilikuwa likinguruma taratibu, tayari.

"Shikamoo, Mzee Matangi. Watu walisema umestaafu."

"Marahaba. Watu gani?"

"Watu tu."

"Wasalimie."

Akiba akacheka, akamgeukia binti. "Dada Gia, kwa nini unamsumbua mzee? Chukua sabuni ya mche, sugua kwenye ufa, dizeli inakatika hapo hapo. Mimi nimetembea na sabuni mwezi mzima."

Hapo hakusema uongo. Sabuni huziba dizeli, na hakuna dereva asiyelijua hilo.

"Ulipofika kwenye matuta ikawaje?" mzee akauliza, akifungua sanduku.

"Ikadondoka. Nikapaka nyingine."

"Basi ulikuwa unafua barabara."

Mchomeleaji aliyekuwa kwenye kibanda chake mwisho wa gereji alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi simwombei mtu mabaya," Akiba akasema, safari hii bila kucheka. "Lakini na mimi nimesubiri miaka mitatu. Na mimi nina watoto."

"Subiri umekaa. Kuna ndoo pale."

Mzee alikuwa bahili wa maneno, lakini mikono ilipoonja chuma ilianza kukimbia. Lori likasogezwa pasipo na mteremko. Breki ya mkono juu. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha betri: waya wa hasi ukatolewa, ukafungwa kitambaa usije ukajirudisha wenyewe kwa kimbelembele. Simu zote nje. Ndoo mbili za mchanga karibu. Akiba akaambiwa ateme kijiti.

"Kijiti hakiwaki, mzee."

"Najua. Kinaniudhi."

Akaligonga tangi kwa vifundo vya vidole, juu kushuka chini, sikio karibu. Likaitika to, to, to, halafu du. "Pipa moja na ndoo tatu," akasema. Akafungua mfuniko wa juu ili tangi lipate kupumua, akaweka mapipa mawili na mrija wa kuyajaza, akafunga kipande cha waya kutoka kwenye tangi mpaka kwenye pipa.

"Huo wa nini?" binti akauliza.

"Mafuta yakikimbia yanazaa umeme. Huu unaupa njia ya kupita, usije ukaruka."

Akajilaza juu ya turubai, akajisukuma chini ya lori mpaka uso wake ukawa shubiri moja kutoka kwenye kizibo cha chini ya tangi. Harufu ikamkumba. Moyo ukaanza kumdunda. Hakujua kama ni uzee au ni furaha, na muda wa kuuliza hakuwa nao.

"Funga," akasema.

Akahesabu moja, mbili, tatu, kama siku zote. Akafungua kizibo.

Dizeli ikaja kwa mkondo mmoja mzuri. Pipa la kwanza likajaa saa tatu kasorobo. Mzee akahamishia mrija kwenye la pili. Zilibaki ndoo tatu. Zikaja tatu. Zikaja nne. Zikaja sita, na mkondo ulikuwa mnene vilevile, kama kidole gumba.

"Mzee," Akiba akasema kutoka kwenye ndoo yake, "hili tangi au kisima?"

Mzee akalisogelea tangi. Akaligonga tena. Du. Mahali pale pale. Sikio lake halijawahi kumdanganya. Binti akachungulia pipa: limefika shingoni. "Baba, linajaa. Nikatafute lingine?"

"Kimbia."

Akakimbia. Mzee akakitafuta kizibo, akakiweka mdomoni mwa tundu, kikateleza. Akakirudisha. Kikateleza tena. Mafuta yalikuwa yakikisukuma, vidole vimekuwa sabuni. Nyuma yake pipa likafurika. Dizeli ikamwagika kwenye sakafu, ikazunguka kidogo kama inayoulizia njia, kisha ikaupata mfereji wa maji machafu na kuufuata moja kwa moja kuelekea kibanda cha mchomeleaji. Na mchomeleaji, ambaye hakuna aliyekumbuka kumzuia, alikuwa amewapa kisogo, anakata chuma. Cheche zilikuwa zikimwagika sakafuni kama mtama.

"Acha!" mzee akaita. Sauti ikamezwa na mashine.

Binti ndiye aliyeona. Alilitupa pipa alilokuwa amebeba, akauruka mfereji, na hakuhangaika na swichi, kwa maana swichi nayo ina cheche yake. Alimkumbatia mchomeleaji kwa nyuma, mikono yake juu ya ile ya mwenzake, akamgeuza mzimamzima na mashine yake mpaka cheche zikaelekea ukutani. Mchomeleaji akaachia. Mashine ikalia ikipungua, ikanyamaza. Na wa kwanza kumwaga mchanga, lazima isemwe, alikuwa Akiba. Alimwaga ndoo zote mbili, akakimbilia rundo la nje, akarudi na mchanga kwenye shati lake.

Mkondo ulisimama hatua nne kutoka kwenye kibanda.

Mzee alikuwa ameshakikaza kizibo. Akatoka chini ya lori taratibu, nywele zimelowa dizeli.

"Koki ya upande wa pili," akasema. "Mbona haikufungwa?"

Lori lile lilikuwa na matangi mawili, na bomba moja chini linayaunganisha ili yaishe pamoja. Koki ya bomba hilo ilikuwa moja tu, upande wa kulia. Ikiachwa wazi, ukimwaga la kushoto, la kulia nalo linakuja kulisaidia.

"Sikujua kama inafungwa," binti akasema.

"Nilisema funga."

"Ulikuwa unaniambia mimi?"

"Nani mwingine?"

Binti akaangalia sakafu. "Baba, miezi minane unaongea peke yako. Jikoni, chooni, kila mahali. Nilisikia. Nilidhani unaongea na mama."

Mchomeleaji akapata kitu cha kufuta kwenye miwani yake. Akiba akakung'uta shati.

Mzee akapangusa mikono. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesema neno lile kwa mtu aliyekuwa hayupo, akahesabu mpaka tatu, akamwamini. Miaka thelathini na miwili hakuwahi kungoja jibu kwa sababu jibu halikuwahi kukosekana. Na sasa nusura wote wanne waungue kwa sababu ya mazoea.

"Nilikuwa naongea naye," akasema. Kisha akajifuta uso. "Sasa naongea na wewe. Nenda upande ule. Nikisema, jibu. Usipojibu sifanyi kitu. Saa ngapi?"

"Nne na dakika tano."

"Funga."

Alingoja. Akasikia viatu vikizunguka, chuma kikilia, mtu akiguna kwa nguvu.

"Imefungwa."

"Hakika?"

"Imefungwa, baba. Imegota."

Mapipa yote yalikuwa yamejaa na tangi bado lina kitu. Binti akaanza kwenda kulitafuta lile alilolitupa, lakini lilikuwa limepasuka ubavu. Akiba akaondoka bila kuaga. Alirudi akiviringisha pipa kutoka kwenye lori lake mwenyewe.

"Usinishukuru," akamwambia binti. "Nataka nikushinde kwa haki."

Saa tano kasoro dakika ishirini tangi lilitoa tone lake la mwisho, na hapo kazi ikashika moto bila moto. Mrija wa kupelekea mafuta ukafungwa uzi mwekundu, wa kurudishia ukafungwa uzi mweupe, yote miwili ikazibwa kwa vijiti vilivyochongwa. Waya wa geji ukachomolewa. Jeki ikasogezwa chini ya tangi na ubao mpana juu yake, kwa maana jeki tupu hutoboa.

"Legeza mkanda wa nyuma."

"Umelegea."

"Wa mbele, nusu."

"Nusu imetoka."

"Shusha. Kidogo. Kidogo tena."

"Limeshuka. Limeshuka. Limekaa."

Sauti ya binti haikuwa ya mama yake. Ilikuwa nzito zaidi na yenye haraka. Lakini ilikuwa inajibu, na mikono ya mzee ikaanza kwenda bila kutazama nyuma.

Tangi lilipotolewa wakaona ugonjwa wake. Aliyelifunga mara ya mwisho alikuwa ameweka kipande cha gunia kati ya mkanda na bati. Mzee akalichomoa. Lilikuwa bado bichi la maji, na chini yake bati lilikuwa limelika, jembamba kama ganda la yai.

"Gunia linakunywa, halitemi," akasema. "Mwambie aliyefanya hivi... Basi. Usimwambie."

Tangi lingine la namna ile lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa stoo, la kijani, limetolewa kwenye lori lililokufa miaka miwili kabla. Yeye na mkewe ndio walioliosha. Matundu yake yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya gauni la zamani la mkewe, vimekazwa fundo baada ya fundo, kwa namna ya mtu asiyeamini vumbi. Mzee akafungua la kwanza. La pili likamshinda. Vidole vilikuwa vinafanya kazi, ni macho yaliyokataa. Binti akaja, akalifungua kwa meno, akampa baba yake kitambaa.

"Tano na robo, baba."

"Nimesikia."

Akaweka kitambaa mfukoni, akamulika ndani kwa tochi. Safi. Akapuliza kwenye kitundu cha kupumulia: hakikupitisha. Akapuliza tena mpaka mishipa ikamsimama. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo wao mgumu kama saruji. Binti akashika kichwa. Huko nje honi ya lori la kwanza ikalia, msafara unaanza kujipanga.

"Tulifunge hivyo hivyo?"

"Lisilopumua linajinyonga. Kilomita kumi, injini inakosa mafuta, na tangi limejaa. Lete waya wa spoku ya baiskeli."

Waya ukaingia, ukazungushwa, udongo ukatoka kama unga, pamoja na nyigu mmoja mkavu. Akapuliza. Hewa ikapita ikipiga mluzi. Mzee akatabasamu, na Akiba, aliyekuwa ameacha ndoo yake na kuja karibu, akajikuta anatabasamu naye, kisha akakumbuka yeye ni nani na akarudi kukaa.

Mpira wa ndani wa tairi ukakatwa vipande viwili, mapana ya kiganja, vikalazwa mahali pa mikanda. Kishikio cha geji kikahamishwa na gaskiti mpya. Tangi likapanda.

"Inua."

"Limeinuka."

"Kaza wa mbele. Usimalize. Wa nyuma. Rudi wa mbele."

"Umekaza. Umekaza. Umegota."

Uzi mwekundu ukakutana na mwekundu, mweupe na mweupe. Dizeli ikarudishwa tangini ikipita kwenye kitambaa safi, ndoo kwa ndoo, mchomeleaji na Akiba wakipokezana bila kuambiwa. Koki ikafunguliwa, na mwenye kuifungua akasema imefunguliwa. Mwisho mzee akaomba maji ya sabuni, akaosha chesisi na vishikio vyote mpaka chuma kikalia kwa usafi. Kama kuna kuvuja kupya, alitaka kukuona mara moja, si kukisia ndani ya uchafu wa zamani.

Sita kasoro dakika kumi na mbili. Waya wa betri ukarudi. Binti akapanda, akageuza funguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikafa. Akageuza tena. Ikafa.

"Usiue betri," mzee akasema. "Imemeza hewa." Akapiga pampu ya mkono, binti akashuka na kulegeza skrubu ya kutolea hewa. Povu. Akapiga. Povu. Akabadilisha mkono. Akapiga. Povu jembamba. Akiba alikuwa amesimama, ametazama saa yake, kisha lori lake, kisha mkono wa mzee. Akapiga. Dizeli safi ikatiririka, nyekundu kidogo, bila hata kiputo kimoja.

"Kaza."

"Imekazwa."

Funguo. Injini ikanguruma, gereji nzima ikatetemeka mpaka mabati.

Wakafika getini malori matano yakiwa yamewashwa. Msimamizi wa msafara, mtu mfupi mwenye sauti ya kutokea ndani ya pipa, alikuwa ameshika karatasi na kalamu. Akamwangalia binti, akaangalia saa. Sita kasoro dakika nne.

"Nimesikia habari ya tangi," akasema. "Zima. Tuone."

Akachukua kipande cha boksi kikavu, akakisukuma chini ya tangi la kijani. Wote wakachuchumaa. Boksi lilikuwa kavu. Likakaa kavu. Kisha, kutoka juu, tone moja likaanguka katikati ya boksi, to, likatanuka.

Binti akafumba macho.

Msimamizi akaligusa kwa kidole, akanusa. "Sabuni," akasema polepole. Akasimama. "Mmepaka sabuni kwenye ufa. Kwenye msafara wangu."

"Tumeosha," binti akasema. "Ni maji ya kuoshea. Tumebadilisha tangi zima."

"Kila dereva mwenye sabuni husema hivyo."

Akageuza uso kumtafuta Akiba. Akiba alikuwa nyuma yao, funguo mkononi. Alikuwa na haki ya kunyamaza. Sekunde tatu za kunyamaza zingempa miaka miwili ya kazi. Mzee alimwangalia, hakumwomba kitu.

"Bosi," Akiba akasema, akikuna shingo. "Sabuni ni mimi niliyeshauri. Wakanicheka. Tangi hili nimelijaza kwa mikono yangu. Futa kwa kitambaa kikavu, uweke boksi lingine. Washa na injini kabisa."

Msimamizi akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeona paka akimletea panya maziwa. Lakini akavua kitambaa cha shingoni, akajilaza mwenyewe, akafuta tangi, chesisi, mikanda, kila pembe. Boksi jipya. Injini ikawashwa. Malori matano yakangoja. Mmoja akapiga honi, msimamizi akainua kiganja bila kugeuka. Dakika zilipita, na saa sita ikapita nazo, hakuna aliyeitaja. Mzee alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse lami, macho kwenye lile boksi, na moyo wake ulikuwa ukienda kama wa kijana.

Boksi likabaki kavu kama lilivyozaliwa.

Msimamizi akalichukua, akaligeuza pande mbili, akaliweka kwapani. "Mikanda iliyofungwa upya hulegea," akasema. "Nani atakayeikaza njiani?"

"Mimi," binti akasema.

"Kilomita ya ngapi?"

Binti hakumtazama baba yake. "Ya hamsini. Wa mbele kwanza."

"Panda gari."

Namba sita ikatoka getini ya mwisho, mabomba yakilialia nyuma, na binti akitoa mkono dirishani, si kuaga, ni kukunja ngumi tu na kuipiga kwenye mlango mara moja. Vumbi likapanda. Akiba akazima lori lake.

"Wewe nawe," mzee akamwambia, "umejinyima."

"Nimejinyima. Mke wangu ataniua." Akakaa kwenye ngazi ya lori lake, akatafuta kijiti mfukoni, akakosa. "Mzee, hebu angalia na mimi mikanda yangu ina nini. Nahisi ni gunia."

Lilikuwa gunia.

Saa saba na nusu mzee alikuwa chini ya lori la saba simu ilipolia huko mlangoni. Alijisukuma nje, akatembea haraka kuliko magoti yalivyotaka, akaipokea kwa vidole viwili visivyo na mafuta.

"Nimekaza," binti akasema. Upepo wa barabarani ulikuwa unavuma kwenye simu. "Wa mbele umekubali nusu mzunguko. Wa nyuma robo."

"Umepitisha mkono chini ya tangi?"

"Wote. Mpaka nyuma ya mkanda."

"Sema."

"Kavu," akasema. "Kavu kabisa, baba." Kisha akakata, kwa sababu malori yaliyo mbele yalikuwa yameshaanza kuondoka.